Mwaridi wa njano unaopukutisha majani: tatizo si njaa

Msomaji mmoja wa Njiro, Arusha, ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nina kibustani mbele ya nyumba, mita tatu kwa nne, ukuta wa tofali pande mbili, na sukuma wiki humohumo. Mwaka jana nilinunua kitaluni mwaridi wa njano, ule wa ua kubwa moja juu ya kikonyo kirefu. Ulichanua vizuri mpaka majirani wakawa wanaulizia. Masika yalipoingia majani yakaanza madoa meusi, yakawa manjano, yakapukutika kuanzia chini. Nikaweka urea na samadi ya kuku, nikawa naumwagia maji juu mpaka chini kwa mpira kila jioni kuosha vumbi, nikaongeza na majivu ya jikoni. Hali ikazidi. Sasa ni vijiti vyenye majani kileleni tu. Maua ni madogo na yanapauka siku ya pili. Ila pembeni limechomoza tawi lenye nguvu ajabu, majani tele, nalo limetoa vishada vya maua madogo meupe. Je, mwaridi wangu unageuka rangi? Niukate wote uchipue upya, au ning'oe ninunue mwingine? Nilitamani maua ya kupeleka kanisani Krismasi."

Marahaba, dada yangu. Usiung'oe, wala usiukate wote. Mwaridi wako haujageuka rangi, hauna njaa, na macho ya majirani hayana kosa. Una maradhi ya majani ambayo jamii ya njano imerithi unyonge wa kuyakinga pamoja na rangi yake, na karibu kila ulichofanya kuutibu kimeyapa maradhi hayo nafasi zaidi. Kazi yako kubwa kuanzia leo ni kuhakikisha majani yanakauka mapema asubuhi na yanalala makavu. Mbolea, dawa na mkasi vinafuata nyuma ya hilo.

Lakini nianze na lile tawi, maana hilo halisubiri.

Miwaridi mingi ya ua kubwa inayouzwa vitaluni ni ya kubebeshwa. Juu ni aina uliyoipenda, chini ni mizizi ya mwaridi mwingine mgumu uliochaguliwa kwa uwezo wake wa kunyonya maji na kuvumilia udongo. Pale vilipoungana pana kinundu, usawa wa ardhi au juu kidogo. Tawi lako limetoka chini ya kinundu hicho. Ni mizizi inayojaribu kujiotea mti wake yenyewe, na kwa vile haina ugonjwa, inashinda. Ukiliacha litakula maji na chakula chote, sehemu ya njano itakufa kimya kimya, na baada ya mwaka utaapa kwamba waridi lako limebadilika rangi. Ndivyo watu wengi wanavyoamini, na mche wa watu wanausingizia.

Vishada vya maua madogo meupe vinanielekeza kwa Rosa multiflora, mwaridi wa Asia ya Mashariki unaotumika sana kubebeshea. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chuma jani moja la tawi hilo, uangalie pale kikonyo chake kinaposhikana na shina. Kuna vijibawa viwili vyembamba vya kijani, kimoja kila upande. Vya multiflora kingo zake zimechanikachanika mpaka zimekuwa nyuzi. Vya mwaridi wako wa njano ni laini, havina nyuzi hizo. Utasikia pia ushauri wa kuhesabu vijani vinavyounda jani moja: vitano ni wa kununua, saba ni wa porini. Usiutegemee, maana aina nyingi za bustani nazo hutoa jani la vijani saba zikiwa na nguvu. Kinachokata shauri ni mahali tawi linapotokea.

Usilikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Ukilikata hivyo, kile kisiki kinachobaki udongoni kina macho ya kuchipulia, na badala ya tawi moja utapata manne. Subiri udongo uwe na unyevunyevu, vaa glovu nzito, fukua taratibu kwa mkono mpaka uone mahali hasa liliposhikia kwenye mzizi, kisha lishike karibu na hapo na ulivute kwa nguvu kuelekea chini. Litang'oka na kipande cha gome lake. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu macho yaliyojificha pale yanaondoka nalo. Rudisha udongo, ushindilie kwa kiganja. Baada ya hapo angalia kila wiki. Chipukizi changa la urefu wa kidole linatoka kwa kidole gumba tu.

Sasa majani. Utaniuliza mbona jirani ana mwaridi mwekundu wa kienyeji ukutani, hapigi dawa, na majani yapo. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Haya mawaridi ya ua kubwa moja, ambayo watu wa maua wanayaita haibridi tii, yalianzia Ufaransa. Linalohesabiwa la kwanza ni 'La France', waridi la pinki la mwaka 1867 kutoka kwa Guillot wa Lyon. Kwa miaka zaidi ya thelathini kundi hilo lilikuwa na pinki, nyekundu na nyeupe, na njano yake ilikuwa hafifu tu. Njano iliyoiva ilikuwa kwa mmea mwingine kabisa, Rosa foetida, wa nchi za Asia ya kusini-magharibi, ambao aina yake yenye petali nyingi ilifika Ulaya kutoka Uajemi. Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, alihangaika miaka kuuchavusha na mawaridi ya bustani, na mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or'. Kutoka hapo ndipo njano iliyokolea ilipoenea. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mmoja wao, Claudius, ndiye aliyepewa jina la waridi la njano la mwaka 1920, 'Souvenir de Claudius Pernet'. Waridi hilo ni miongoni mwa mababu wa 'Peace', lile la njano lenye kingo za pinki alilolizalisha Francis Meilland na ambalo Wamarekani walilitangaza kwa jina hilo la amani Aprili 29, 1945, Berlin ikiwa inaanguka.

Nimesimulia yote hayo kwa sababu moja. Rosa foetida ni wa nchi kavu, na kinga yake dhidi ya madoa meusi ni duni mno. Pernet-Ducher alipoichukua rangi, aliuchukua na udhaifu. Umechanganywa na kuchanganywa kwa zaidi ya karne, na wazalishaji wamejitahidi kuupunguza, lakini ukiweka aina kumi za waridi bustanini Arusha bila kuzipiga dawa, za njano huwa mara nyingi kwenye kundi linalovua majani mapema. Mche wako haukukosea kitu. Ni mtoto wa nchi kavu aliyepandwa chini ya Mlima Meru, kwenye kona isiyopita upepo, akawa anaogeshwa kila jioni.

Ugonjwa wenyewe unaletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Chukua jani lililopata doa na ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona doa jeusi lenye kingo zilizotawanyika, haliko duara safi bali limejaa vinyuzi vinavyotambaa kuelekea nje, na kuzunguka doa jani limeanza njano, basi ndiye. Vijidudu vyake vya kuzaana havirushwi mbali na upepo. Vinarushwa na matone ya maji, kutoka jani lililoanguka chini kwenda jani la chini, na kutoka hapo kwenda la juu yake. Ndiyo maana mwaridi unavua majani kuanzia chini. Vikishatua, vinahitaji jani libaki limelowa kama saa saba hivi ndipo viote na kupenya. Chini ya hapo vinakufa bure.

Hebu pima jioni zako kwa kipimo hicho. Ukimwagilia saa moja jioni, jua limezama, upepo umetulia, ukuta wa tofali umezuia hata ule mdogo uliopo. Majani yanalala yamelowa mpaka saa mbili au tatu asubuhi. Hizo ni zaidi ya saa kumi na mbili, kila siku, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Masika yalileta ugonjwa; mpira wako ukaufanyia masika ya ziada.

Kwa hiyo kuanzia sasa maji yaende kwenye udongo tu, asubuhi. Toa kichwa cha kunyunyizia, weka mdomo wa mpira chini, fungua maji kidogo yazame polepole. Wakati wa kiangazi mwaridi wa ukubwa huo unatosheka na ndoo ya lita kumi mara mbili kwa wiki, na siku za joto kali mara tatu. Afadhali maji mengi mara chache kuliko kikombe kila siku, kwa sababu kikombe cha kila siku kinaifundisha mizizi kukaa juu. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, acha. Vumbi la barabarani lisikusumbue, na kama lazima uoshe, osha saa tatu asubuhi siku yenye jua.

Leo hiihii, kabla ya kununua chochote, okota kila jani lililoanguka chini ya mche, hata yale makavu yaliyojibana kwenye sukuma wiki, na uchome au utupe kwenye taka za kuzolewa. Usiyatie kwenye shimo la mboji. Kuvu anaishi humo akisubiri tone. Kisha chuma majani ya chini yenye madoa mengi. Yale ya kileleni yenye doa mojamoja yaache kwanza, maana ndiyo pekee yanayoulisha mche kwa sasa. Ukishamaliza, tandaza matandazo unene wa vidole vitatu: nyasi kavu, au maganda ya kahawa ukipata kutoka kwenye kinu, yasiguse shina. Watu hutandaza ili kutunza unyevu, na ni kweli, lakini kwa mwaridi wa njano faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba tone la mvua likigonga nyasi halirushi tope lenye kuvu kwenye majani.

Hukuniambia kama mwaridi umeubana kwenye pembe ya ukuta, lakini kwa jinsi unavyoeleza nadhani ndivyo. Katika bustani ya mita tatu kwa nne mtu anashawishika kupanga mimea kuzunguka kuta ili katikati pabaki wazi. Kwa mwaridi fanya kinyume. Uwe angalau hatua moja kutoka ukutani, mahali ambapo jua la saa moja na nusu asubuhi linaufikia, kwa sababu jua hilo ndilo linalokausha umande. Saa sita za jua kwa siku zinatosha, na ukiweza kuchagua, ziwe za kuanzia asubuhi. Kivuli cha alasiri si hasara hata kidogo: ndicho kinachojibu swali lako la kupauka. Njano ya waridi inatokana na karotenoidi, rangi zilezile za karoti na mahindi ya njano, na jua kali la huku kwetu nyanda za juu karibu na ikweta linazivunja haraka. Ua lililofunguka saa nane mchana mbele ya ukuta wa tofali uliopashwa moto linakuwa jeupe kesho yake. Likipata kivuli kuanzia saa tisa, linakaa na rangi siku mbili tatu zaidi.

Pia ng'oa hizo mboga zinazoubana. Duara la nusu mita kuzunguka shina libaki wazi. Katika eneo lako naona nafasi ya miwaridi mitatu, minne ikizidi, kila mmoja na nafasi ya mita moja kasoro kidogo. Bustani ndogo inashawishi mtu kujaza. Mwaridi wa njano ndio unaolipa gharama.

Kama unahitaji kuuhamisha, usiuhamishe sasa. Ngoja mwisho wa Julai au wiki mbili za mwanzo za Agosti, baridi ikianza kulegea, ufanye siku ileile ya kupogolea. Chimba shimo la sentimita hamsini kwenda chini na hamsini upana, changanya udongo na nusu debe ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka imekosa harufu, panda kinundu kikiwa juu ya ardhi kwa vidole viwili hivi. Na ukija kununua mwaridi mwingine, usiuweke kwenye shimo alimotoka huyu bila kubadilisha udongo wote. Mwaridi mchanga kwenye udongo uliochoshwa na mwaridi mzee hudumaa, hata ukiulisha vipi.

Kuhusu chakula nitakuwa mkali kidogo. Urea inatoa naitrojeni peke yake, na naitrojeni nyingi inatoa majani mengi, laini, yenye maji. Vidukari wanayapenda, ubwiri unga unayapenda, na maua yanapungua. Samadi ya kuku isiyooza inaunguza mizizi midogo. Acha vyote kwa sasa, mche mgonjwa haulazimishwi kula. Baada ya kupogolea Agosti, weka vijiko viwili vya mezani vya mbolea ya NPK 17:17:17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, uvitawanye kwenye duara mbali na shina, umwagilie. Rudia kila baada ya wiki sita mpaka kabla ya masika. Samadi ya ng'ombe iliyooza mara mbili kwa mwaka. Inatosha. Maganda ya ndizi ambayo kila mtu anayasifia hayana madhara, yafukie kama unapenda, ila yasikufanye uone umeshalisha.

Majivu yaache kabisa, na hili ni la watu wa Arusha hasa. Mwaridi unapenda udongo wenye tindikali kidogo, kipimo cha pH kati ya 6 na 6.8. Majivu yanapandisha kipimo hicho. Na maji ya visima na chemchemi nyingi za upande wa Meru, hayohayo yanayotia watoto meno ya kahawia kwa floridi, mara nyingi yana magadi pia, nayo yanapandisha vilevile. Udongo ukifika huko, chuma kilichomo kinakuwa hakinyonyeki. Dalili yake usiichanganye na madoa meusi: majani machanga ya juu yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, bila doa lolote. Ukiiona hiyo, dawa za kuvu hazisaidii kitu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa uyatumie kwa mwaridi, ongeza mboji, na duka la pembejeo lina mbolea ya chuma ya kunyunyizia kwenye majani.

Na dawa ya kuvu? Ndiyo, kwa mche uliofikia hali hiyo, lakini ujue kazi yake. Mankozebu, kopa na salfa zinakaa juu ya jani na kuzuia kuvu asipenye. Jani lenye doa haliponi. Unalinda majani mapya, basi. Kwa hiyo kupiga dawa sasa kwenye vijiti ni kupoteza hela. Anza chipukizi zikishafungua majani baada ya kupogolea, na rudia kila siku saba hadi kumi wakati wa mvua tu. Kiangazi kikavu, kama maji hayagusi majani, unaweza kuacha kabisa. Piga asubuhi na mapema, upande wa chini wa jani usisahaulike. Vipimo ni vya kwenye kibandiko. Mankozebu Umoja wa Ulaya iliondoa idhini yake mwaka 2020 kwa sababu za kiafya, na hapa bado inatumika sana. Mimi nikiwa na watoto wanaocheza mlangoni ningechagua kopa au salfa, na salfa nisiipige siku ya joto kali kwani inaunguza majani. Vyovyote utakavyochagua, glovu, barakoa, nguo ya mikono mirefu, na sukuma wiki isiwe jirani. Nunua chupa yenye namba ya usajili. Wenye dhamana ya viuatilifu, TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), makao yao yako hapohapo Arusha, Ngaramtoni, si mbali kwenda kuuliza.

Wadudu nitawapita haraka. Vidukari kwenye matumba, wapanguse kwa vidole au maji ya sabuni kidogo. Utitiri mwekundu unakuja kiangazi mahali pa joto na vumbi, chini ya majani, na majani yanakuwa na vidoti vya kupauka. Hapo maji ya asubuhi upande wa chini wa jani yanasaidia. Ubwiri unga, ule weupe wa unga kwenye vikonyo vya maua, unakuja miezi ya baridi na unaondoka wenyewe jua likirudi.

Tuje kwenye mkasi. Ulitaka kuukata wote uchipue upya. Kwa mwaridi wenye afya mtu anaweza kukata sana akasamehewa. Kwa mwaridi ambao umekaa miezi bila majani, akiba iliyobaki iko kwenye yale matawi unayotaka kuyatupa. Na damu ile ya Rosa foetida haipendi kukatwa chini sana hata ikiwa na afya. Vitabu vingi vya waridi vimeandikwa kwa nchi zenye theluji, ambako baridi inaulazimisha mche kulala na mtu anakata mpaka sentimita ishirini. Kwetu mwaridi haulali. Tunakata kwa kufuata mvua.

Juni na Julai, Arusha ikiwa na mawingu na baridi, uache urudishe majani kidogo. Maua yakijitokeza yavunje kichwa tu, usikate na kikonyo, kila jani ni mali. Kuanzia mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti, toa kwanza yaliyokufa, utayajua kwa ndani kuwa ya kahawia. Kisha vijitawi vyembamba kuliko penseli, kisha yanayosuguana katikati. Bakiza matawi matatu au manne yenye nguvu, urefu wa goti au juu kidogo, yakitazama nje ili katikati pawe wazi hewa ipite. Kila mkato uwe nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, umeinama kidogo maji yasitulie. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine.

Kutoka mkasi mpaka ua, kwa hali ya hewa ya Arusha, hesabu wiki sita hadi nane. Kwa hiyo Agosti hiyo itakupa maua mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa ukavu, na hapo ndipo utaiona njano yenyewe. Mashamba ya maua ya kuuza nje, kama yale ya Naivasha nchini Kenya, yanaishi kwa hesabu hii hii: mkasi unapita Desemba ili waridi liwe Ulaya kabla ya Februari 14. Wewe hesabu kurudi nyuma kutoka Desemba 25. Tawi la kwanza likate Oktoba 27 hivi, la pili siku nne baadaye, la mwisho Novemba 5, usiyakate yote siku moja, maana vuli ikija na mawingu maua yatachelewa na jua likiwa kali yatawahi. Kata juu ya jani kamili la vijani vitano, sehemu yenye unene wa penseli. Vuli nayo ni mvua, kwa hiyo huo ndio wakati wa dawa uliyoinunua.

Hilo la mashamba linanikumbusha jambo. Ikiwa mche wako asili yake ni aina za mashambani, zile za kukata na kusafirisha, ujue zimezalishwa kukaa chini ya nailoni ambako mvua haizigusi. Zina shingo ndefu na tumba zuri, lakini nje kwenye masika ni mtihani mara mbili. Siku ukinunua mwingine, muulize mwenye kitalu jina la aina, na akikujibu "ni la njano tu", muulize kama mama yake huyo mche anakaa nje au ndani. 'Elina', la njano hafifu lililozalishwa na Dickson wa Ireland Kaskazini, linasifika kwa majani magumu na limeingizwa kwenye orodha ya mawaridi bora ya dunia. Ukilipata, lichukue hata kama njano yake si ile ya kukolea. 'Peace' ni gumu kwa umbo, ila madoa meusi yanalipata.

Kuhusu kanisani: mwaka huu usitegemee vikonyo virefu. Kwa Krismasi kata Desemba 24 alfajiri, tumba likiwa limelegea na petali mbili tatu za nje zimeanza kujitenga, vile vijani vya kijani chini ya tumba vimeshageuka kutazama chini. Likikatwa limefumba kabisa litainama shingo lisifunguke, na mengi ya njano yakishaanza yanafunguka haraka kuliko mekundu, kwa hiyo usilisubiri lijae. Bakiza majani mawili kamili mtini chini ya kila mkato. Ondoa majani yatakayozama, tumbukiza vikonyo kwenye ndoo ya maji mengi, uweke mahali baridi penye giza mpaka jioni. Yatakuwa mafupi, kwa hiyo mwambie anayepamba ayapange kwenye bakuli la chini mezani. Ya vikonyo virefu tutazungumza mwakani, mche ukishavuka masika moja ukiwa na majani yake.